Beberu wa Susu Kalekye Mlangoni mwa Kanisa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepasua nusu ya ng'ombe, nimenoa visu, nimefagia bucha, na saa nne haijagonga. Sasa niandike jambo moja: mimi niko na bahati. Sio ile ya kuokota shilingi barabarani. Ya kuzaliwa nayo. Mombasa nimekaa, Kampala nimefika, hata Juba nimeuza nyama, na kila mahali wakubwa wananipenda. Fada mpya hajamaliza mwezi hapa parokiani. Jana baada ya misa nimemwambia neno moja tu kuhusu beberu wa Susu Kalekye, akasema ndiyo. Hapo hapo. Mbuzi ataingia kanisani siku ya shukrani ya mavuno, tarehe kumi na saba, mpaka mbele ya altare. Wengine wanaandikia halmashauri ya parokia barua. Mimi neno moja.

Nimeshamwambia Susu. Amelia. Mimi nikajifanya nakohoa.

Jumatano, 6 Agosti

Susu Kalekye sio nyanya yangu wa damu. Ni wa kila mtu hapa Mumbuni. Mwaka jana mjukuu wake Mutuku alilazwa, kifua kimeziba, wiki tatu. Susu akaahidi: mtoto akirudi nyumbani kwa miguu yake, nitampa Mungu beberu, kwa mkono wangu. Mutuku akarudi kwa miguu yake, tena anakimbia. Huyo beberu wakati huo alikuwa bado ananyonya. Susu amemlea kama kitinda mimba. Anakula vizuri kuliko mimi.

Kwa wazee wetu kitu ulichoahidi unakipeleka mwenyewe, mkono kwa mkono. Hutumi mtu. Hugeuzi kikawa kitu kingine. Susu hana mchezo na hayo.

Jumapili, 10 Agosti

Siku mbaya.

Katekista amesoma matangazo. Kanisa limewekwa taili mpya. Kuanzia mavuno haya, mnyama aliye hai hataingia ndani. Mbuzi na kuku wafungwe nyuma, karibu na tangi la maji. Anayeweza auze, atume sadaka kwa simu. Fada ameketi pale anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Jumuiya yetu yote imegeuka kuniangalia. Mimi nikacheka. Nikasema hiyo sheria ni ya watu wa kawaida. Susu akaniuliza polepole, "Wetu si ameruhusiwa?"

"Ameruhusiwa, Susu."

Mdomo wangu huu.

Na niandike na hili, kwa vile hakuna anayesoma. Sheria imeletwa na yule mbuzi wa miaka miwili iliyopita, aliyekula maua yote ya altare halafu akajisaidia pale pale, Fada wa zamani akiwa ameinua mikono. Yule mbuzi alikuwa wangu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempimia mteja kilo moja na nusu badala ya moja. Ameondoka mbio kabla nigundue. Kichwa hakiko.

Mama Kyalo, mke wangu, ananijua. "Baba Kyalo, nenda uongee na Fada."

"Nimeshaongea."

"Basi nenda umkumbushe."

Nimeenda. Nimefika kwa geti la nyumba ya mapadre. Fada alikuwa anaanika soksi zake mwenyewe, anapiga mluzi. Nikarudi. Mtu ameshika soksi zake, utamwanzia wapi?

Alhamisi, 14 Agosti

Susu amepita hapa bucha na mbuzi. Anafanya mazoezi! Beberu amefungwa utepe mwekundu shingoni. Hatua mbili, kusimama. Hatua mbili, kusimama, kama wale wasichana wanaocheza wakati wa matoleo. Kamba mkono wa kulia, bakora mkono wa kushoto, na lile goti lake bovu.

Kinyozi wa jirani akapiga kelele: "Susu, huyo anaenda harusi ama kipaimara?"

"Anaenda kwa mwenyewe," Susu akamjibu. "Wewe nyoa watu."

Watu wamecheka. Mimi nimeingia nyuma nikafungua friji. Sikuwa na kazi kwa friji. Nimesimama tu hapo nikipigwa na baridi. Naona aibu. Jumapili huyu mama atasimamishwa mlangoni mbele ya parokia nzima.

Ijumaa, 15 Agosti

Misa ya Kupalizwa Mama Maria. Watu wachache, kwaya nusu. Ilipoisha nikamfuata Fada mpaka sakristia.

Ameniangalia akaniuliza, "Wewe ni nani?"

Sawa. Wakubwa wanaona sura nyingi.

Nikamwambia mimi ndiye wa bucha. Nikamweleza kuhusu Mutuku, hospitali, ahadi, na vile Susu anajua ameshapewa ruhusa. Nikamweleza hata kuhusu mbuzi wangu na maua. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka. Akasema sheria imepitishwa na halmashauri, yeye ameweka sahihi, na akimfungulia mmoja mwaka ujao ataletewa ng'ombe. Nikamwambia Fada, huyu mama hawezi kufunga ahadi yake kwa tangi la maji aende. Huko ni kutupa, sio kutoa. Kwetu unatoa kwa mkono na mwenyewe anapokea kwa mkono. Fada ni mtu wa Bungoma. Akasema kwao pia iko hivyo.

Halafu akaniuliza, "Nani alimwambia ameruhusiwa?"

Nikasema, "Watu."

Akasema atafikiria. Kufikiria sio ndiyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwosha beberu kwa Susu. Sabuni ya kipande, maji ya moto, karai. Amenipiga teke la paja. Haki yangu.

Nilitaka kumwambia Susu ukweli. Alikuwa anapiga pasi kitambaa cha kichwa, anaimba. Sikuweza.

Jumapili, 17 Agosti

Nimechoka lakini niandike.

Matoleo yameanza. Wasichana mbele wanacheza, halafu mahindi, ndizi, maparachichi, gunia la maharagwe watu wawili. Mwisho kabisa Susu na mbuzi, Mutuku pembeni. Katekista amenyoosha mkono mlangoni. Basi. Susu hakubishana. Ameangalia tu ndani, benchi kwa benchi, ananitafuta mimi.

Nimesimama. Nimetembea mpaka mlangoni, nimefungua mdomo, "Susu, mimi ndiye..."

Na hapo kanisa lote likageuka. Sio kwangu. Fada alikuwa ameshuka altare. Na kasula yake ya kijani, lile joho la misa, anapita katikati, hana haraka, wahudumu wawili nyuma na mishumaa. Kwaya wamechanganyikiwa wakarudia ubeti. Amepita mahindi, amepita ndizi, amenipita mimi, ametoka nje mpaka ngazini juani. Akanyoosha mikono miwili.

Susu akampa kamba. Mkono kwa mkono.

Akamwekea beberu mkono kichwani, halafu Mutuku, halafu Susu. Susu akamwambia maneno mengi kwa Kikamba. Fada hajui Kikamba hata cha kuombea maji. Ameitikia kwa kichwa kila neno. Watu wa benchi za nyuma, wale wa kukwepa mahubiri, leo wamekuwa mbele. Vigelegele mpaka masikio yakauma. Mbuzi amebaki nje, taili ziko salama. Susu ameingia mikono mitupu, anacheza, goti na yote.

Katika matangazo Fada amesema: wanyama watapokelewa mlangoni, na atawapokea yeye mwenyewe, kila mwaka. Katekista ameandika.

Nimelia. Mama Kyalo amenipa leso bila kuniangalia.

Jumatatu, 18 Agosti

Wateja wachache. Mvua kidogo, ya kulaza vumbi.

Susu amepita na bakora peke yake. Ameniachia maparachichi matano. Amewaambia waliokuwa kwa foleni kwamba mimi ndiye niliyeongea na Fada mapema, na Fada hunisikiza. Akanishika shavu kama mtoto. Nikaendelea kupima nyama. Kesho nitapanda kwake nimwambie. Nikishindwa kesho, keshokutwa.

Lakini hapa niandike wazi. Ile Jumapili ya kwanza sikuongea na Fada. Nilimwona mgongo tu akiingia nyumbani kwake. Hakuniambia ndiyo, hakunijua hata jina. Susu aliniuliza kama inawezekana, macho yake yakanishinda, nikasema uongo. Halafu nikaja nikaandika uongo huo huo hapa.