Alama Sita za Mtani Wangu

Jumanne, 14 Januari 2025

Idete. Matope mpaka ndani ya soksi. Gari la mradi lilituacha barabarani, eti lisije likanasa. Sisi tukinasa hakuna neno!

Wazee ishirini na wawili walialikwa, wamekuja tisa. Wengine wameshahamia kwenye vibanda vyao mashambani kupanda mpunga. Nilimwambia Dkt. Fulgensi, mkuu wetu wa mradi, tangu Novemba: ikifika Januari vijijini hakuna watu, wote wako bondeni. Akasema kalenda imetoka juu. Juu wapi, mbinguni?

Nimehubiri kama kawaida. Ubongo unaugua kama figo inavyougua. Kusahau kupita kiasi si uzee tu, wala si kulogwa. Nikawatundikia bango lenye picha ya ubongo. Bibi mmoja kauliza kama tunauza utumbo.

Halafu maswali, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Mzee Anselim, miaka sabini na nane, Mpogoro, shati limepigwa pasi. Aliposikia mimi ni Leticia Komba, Mngoni wa Songea — basi tena! Wapogoro na sisi ni watani tangu enzi za vita. Leo ni siku gani, mzee? Siku waliyokimbia babu zako. Nyundo kazi yake nini? Kumgonga Mngoni asiyeamkia wakubwa. Mwenyekiti wa kijiji anaitwa nani? Kwani unataka akuoe? Watu waliojazana dirishani hoi. Mimi mwenyewe nimecheka mpaka kalamu ikaanguka. Mkewe, Bibi Apolonia, alikaa ubavuni mwake, akicheka kuliko wote.

Fomu lakini haina kisanduku cha utani. Ni sahihi au si sahihi. Kapata sita kati ya thelathini. Akipata chini ya kumi na nane, mwongozo unataka apewe barua ya rufaa aende kliniki Ifakara. Nimeandika kwa mkono wangu: "Anashukiwa kuwa na tatizo la kumbukumbu." Nikagonga muhuri. Mwanawe mkubwa, Salvatory, akaipokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 15 Januari

Nimetuma data. Mtandao ulikatika mara nne. Kwenye sehemu ya maelezo nimeandika kwamba mzee namba tisa alikuwa ananitania. Dkt. Fulgensi hajasoma maelezo, kasoma namba. Kafurahi. "Idete tumepata kesi!" Kama mtu aliyenasa kambare.

Jumatatu, 27 Januari

Siku mbaya.

Bibi Apolonia kaja ofisini. Kapanda basi la kwanza kutoka Idete, kafika kabla hata mlinzi hajafungua geti. Nikamwamkia. Hakuitikia. Mama mtu mzima aache shikamoo yako ining'inie hewani — heri angenizaba kofi.

Kumbe ile barua haikufika kliniki. Salvatory aliipeleka ofisi ya kijiji. Kasema baba hana akili timamu tena, ushahidi huu hapa, una muhuri. Anataka shamba la bondeni, eka nane, lihamishiwe kwenye jina lake. Kuna mtu wa Kidatu yuko tayari kulikodi lote alime kwa trekta. Mzee kakatazwa kwenda shamba. Majembe yamefungiwa stoo. Wenzao wote wanapanda, wao wawili wako uani wanatazama mawingu. Na kibanda chao cha shamba, kasema, ndiko walikozalia watoto watatu.

Nikajitetea. Mama, ule ulikuwa utani!

"Ulijua ni utani, ukaandika?"

Nikamvutia kiti, akakataa kukaa.

Akasema mumewe anapumua, anakula, lakini mimi nimeshamzika kwa karatasi. Nikamuuliza, nyumbani je, huwa anasahausahau? "Ana akili kukushinda wewe." Alijibu kabla sijamaliza swali.

Baraza la wazee na serikali ya kijiji watakaa tarehe kumi na moja. Nimemwahidi nitarekebisha. Sijui nitarekebishaje.

Jumanne, 28 Januari

Dkt. Fulgensi kanisikiliza huku anajibu meseji. Data ya Idete imefungwa. Kufungua inahitaji kibali cha kamati ya maadili. Kamati inakaa Aprili. Aprili! Mpunga utakuwa umefika kifuani.

Tena mradi hauingilii magomvi ya familia, kasema. Barua ni ya kumtuma mtu kliniki akapimwe vizuri, si cheti cha wendawazimu. Kama hawajui kusoma, kosa si letu.

Ni kweli tupu. Na haisaidii kitu. Huko kijijini nani anasoma maneno? Wanasoma muhuri.

Alhamisi, 30 Januari

Nimekwenda Idete kwa bodaboda, kwa siri, nauli ya mfukoni mwangu. Nimemkuta Salvatory anarekebisha baiskeli. Nilikuwa nimepanga matusi yote njiani, tangu naondoka mjini pale Lipangalala. Yeye kanipa kiti, kanipa maji.

Akaniambia kwa upole: dada, si wewe uliyetufundisha? Ulisema ni ugonjwa, hauponi, na mgonjwa asiachiwe maamuzi makubwa. Nikamwambia nilisema asaidiwe kuamua, sikusema anyang'anywe! Akasema hivyo ndivyo anavyomsaidia. Mwaka juzi mzee alikodisha eka mbili zile zile kwa watu wawili tofauti, nusura washikiane mapanga. Nani alikwenda kupatanisha? Ni yeye.

Nikasema wazee wengi huchanganya mambo. Nikaona huyu anatafuta sababu tu. Mtu akishanusa harufu ya kodi ya trekta!

Nimerudi nimevimba kwa hasira. Miaka miwili tumepita kijiji kwa kijiji tukisema jamani, mzee akisahau si mchawi, ni mgonjwa. Wamesikia. Tumefaulu! Mchawi walikuwa wanamwogopa. Mgonjwa wanamrithi.

Jumapili, 2 Februari

Sikwenda kanisani. Nimefua. Nimegombana na jirani juu ya kamba ya nguo. Kamba ni yake.

Jumatano, 5 Februari

Niliona nimepata dawa. Masanja, mwenzangu wa kitengo, ni Msukuma. Na Wapogoro hana utani nao hata chembe. Amuulize mzee maswali yale yale, ajibiwe kama binadamu, tupate alama safi.

Karudi saa nane na fomu tupu. Mzee kakaa kimya. Hakukasirika, hakukataa, kimya tu. Bibi Apolonia kasema hajazoea wageni. Masanja ni mtu wa maneno machache, kaniambia hivi: "Dada Leticia, kila nikiuliza, anamtazama mke wake kwanza."

Nikamfokea. Wanaume wote wa umri ule wanawatazama wake zao, nani mwingine anajua shati liko wapi! Masanja kanywa chai yake.

Jioni mwenyekiti wa kijiji kapiga simu. Wazee wamesema hawataki Msukuma wala daktari. Aliyeandika barua ndiye aje, amuulize mzee tena mbele ya watu wote. Jumanne saa nne.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeandika barua ya pili. "Alama za awali hazikupatikana kwa njia sahihi. Mzee Anselim yuko timamu." Muhuri niligonga Dkt. Fulgensi alipokwenda chai. Akijua, kazi sina.

Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza niliandika najua nimepima vibaya. Hii naandika sijapima kabisa. Leticia wewe!

Lakini nikikumbuka yule mama uani anavyotazama mawingu... Mvua za wiki hii ndizo za kupandia. Wiki ijayo wamechelewa.

Jumanne, 11 Februari

Naandika nimekaa kwenye benchi, barazani, nje ya ukumbi wa ofisi ya kijiji ya Idete. Mwenyekiti katoa mapumziko ya dakika kumi, mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani. Niandike upesi, nisije nikajidanganya baadaye.

Chumba kilijaa. Mzee Anselim kaletwa na mkewe, shati lile lile limenyooshwa. Nikasema kwa sauti: leo hakuna utani, baba, tujibu kweli. Watu wakaguna. Yaani Mngoni anamkataza Mpogoro utani!

Swali la kwanza, una watoto wangapi? Akamgeukia mkewe. Bibi Apolonia akachekelea: mwambie Mngoni ni wengi kuliko mbuzi alioiba babu yake! Mzee akarudia neno kwa neno. Kicheko. La pili, mwaka jana mlivuna nini? Akamgeukia tena. Bibi akapenyeza tena, mzee akarudia tena. Sauti yake nzuri, kifua mbele. Kicheko zaidi.

Na mimi nikakumbuka siku ile ya Januari. Bibi alikuwa amekaa ubavuni mwake vile vile. Nilicheka mpaka kalamu ikaanguka, sikumtazama mdomo.

Nikamwomba mwenyekiti bibi ahamie benchi la nyuma. Uso wake! Kanitazama kama nimemvua nguo. Kahama.

Mzee akabaki peke yake pale katikati. Nikaona haya kumwuliza swali la fomu. Nikamchokoza: mtani, mbona leo umenyamaza, umeogopa mkuki wa Wangoni?

Akanitazama, akaitazama na karatasi. Kisha akainuka kwenye kiti, akainama kidogo, mikono mbele.

"Shikamoo, mama."

Ukumbi ukalipuka! Mzee wa miaka sabini na nane anamwamkia Mngoni wa thelathini na moja! Watu wamepiga meza, mwenyekiti kajifuta machozi, kasema kama huyu ndiye mgonjwa basi na sisi tuugue. Utani mkubwa kuliko wote wa mwaka.

Sikucheka. Nilikuwa karibu naye, niliyaona macho. Hakuwa anatania. Aliniamkia kwa adabu aliyofundishwa utotoni. Mbele yake kulikuwa na mtu mzima asiyemjua, kashika karatasi.

Wawili wengine nao hawakucheka. Bibi Apolonia. Na Salvatory, kainamisha kichwa kati ya magoti.

Bibi kanifuata hapa bencheni. Hakuzunguka. Umeona, kasema. Ilianza mvua za mwaka juzi. Yeye akimwuliza mumewe kitu, mzee ananyamaza, anaweza kulia. Akimtania, anaamka, anarudi kuwa Anselim. Kwa hiyo nyumba nzima anaiendesha kwa utani, kutoka uji wa asubuhi mpaka kulala. Mashambani hakuna wa kumwuliza mwaka gani huu. Anashika jembe, mikono inajua yenyewe. Akibaki uani anamwuliza mkewe kila saa, kwetu ni wapi, twende kwetu.

Nikamwambia mama, wangeweza kumsaidia kliniki, walau kidogo. Akauliza dawa ipo? Ya kuponya, haipo. Akauliza, sasa barua yako ya kliniki ilikuwa ya nini?



Halafu akanishika kiganja. "Mwanangu, wewe rudi umtanie tu. Mpaka tuvune."

Nina hasira jamani! Na nani, sijui. Na Salvatory? Aliyoniambia yote ni kweli, nikamwita mroho moyoni. Na kumpa shamba lote amkodishie mtu wa trekta, mama yake abaki wapi? Na huyu bibi, aliyenifanya nigonge muhuri kwenye uongo? Sijui hata kama ni uongo. Barua ya kwanza nilikosea njia nikafika kwenye kweli. Ya pili nimeiandika kwa huruma na ni ya uongo. Zote ziko kwenye begi. Hakuna iliyosema kitu cha maana: kwamba mzee anaumwa, na shamba ni lake.

Hiyo ningeweza kuisema. Ni sentensi moja. Lakini watu hawa niliwafundisha mwenyewe kuchagua, timamu au mgonjwa, kama fomu yangu. Na nikisema anaumwa, watasikia nusu ya kwanza tu.

Mzee katoka sasa hivi. Kaja kukaa hapa pembeni yangu, mvua inamrukia viatuni. Kaniuliza kwa upole, mama, wewe ni mwenyeji wa wapi?

Songea, nikasema.

Nikasubiri. Nimwambie Mpogoro natoka Songea, asinipige hata kijembe kimoja? Nikamsogelea. Mimi ni Mngoni, baba. Mngoni! Mtani wako.

"Karibu sana, mama," akasema. "Karibu sana."

Mvua inapungua. Mwenyekiti anagonga meza, ananiita kwa jina. Humo ndani Bibi Apolonia ameshaanza kuwachekesha.