Waya wa Kwanza na wa Nne

Jumatatu, 3 Machi
Gari la mwalimu limekuja kubadilishwa plagi. Baba kazifunga mwenyewe, hataki msaada. Nikachungulia — waya wa silinda ya kwanza kauchomeka kwenye ya nne, wa nne kwenye ya kwanza! Baba yangu, fundi wa miaka arobaini! Kabla sijafungua mdomo, kawasha. Injini ikanguruma safi. Akanikonyeza: umeona mzee wa kazi? Nikacheka.

Jumanne, 4 Machi
Najua kwa nini liliwaka. Magari ya zamani yalikuwa na distribyuta, inazunguka na kugawa moto kwa zamu. Baba alikuwa anaitega kwa sikio tu, macho kafumba. Haya ya sasa hayana. Sensa inaiambia kompyuta injini imezunguka imefika wapi, kompyuta inaamuru koili zitoe moto. Koili moja inahudumia silinda mbili, ya kwanza na ya nne. Zinapiga cheche pamoja — moja inachoma petroli, nyingine inapigia moshi unaotoka, bure. Ndiyo maana ukizibadilisha nyaya hizo mbili, injini haijali.

Lakini mimi nimeona. Na wiki iliyopita alinituma distribyuta ya gari hilihili! Nikadhani ananitania.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia Mama. Kanikatiza — baba yako kachoka tu, usimzushie. Nikasema mficha maradhi kifo humuumbua. Akanifokea nichunge mdomo. Kisha akalia. Kumbe siku hizi yeye ndiye anamfunga Baba vifungo vya shati kila asubuhi. Ukimtoa gereji, anasema, umemuua.

Nikaosha vyombo. Vilikuwa safi tayari.

Ijumaa, 7 Machi
Leo pikapu, nayo ya koili kama zile. Kachanganya waya wa kwanza na wa pili. Hizo si za koili moja! Kuwasha tu — paa! Moto ukatokea kwenye bomba la hewa, ukamuunguza Baba vinyweleo vya mkono. Mwenye gari kasimama palepale. Nani kafunga hizi nyaya? akauliza.

Mimi, nikasema.

Baba akanigombeza mbele ya mteja. Sina makini, eti, naharibu jina lake. Nikasema samahani, Baba. Inauma, jamani! Nimezipanga upya huku machozi yananidondoka juu ya injini.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi Baba kanisogelea, anakuna ule mkono. Jana si wewe uliyezifunga, akasema. Nikajifanya natafuta spana. Niandikie namba, mwanangu — kila waya na mahali pake.

Nikaandika kwa rangi nyeupe, kwenye nyaya na kwenye matundu yake. Moja, mbili, tatu, nne. Kubwakubwa. Akafurahi, akanifukuza nikakae, leo anafunga peke yake.

Nimekaa kwenye tairi na daftari langu. Ameshika waya wenye 4. Tundu lenye 4 liko mbele ya pua yake. Anauangalia waya, anaangalia tundu. Dakika kumi sasa. Namwogopea, Mungu wangu. Hageuki kuniita. Sijui niinuke, au nimngoje kidogo tu.