Tangi Bila Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza bila shemeji. Miaka tisa mimi ndani ya tangi, napiga mchanga kutoa kutu. Yeye nje kwenye mtungi wa mchanga, mkono juu ya vali. Nikivuta mpira mara mbili, anafunga. Sasa imekuja rimoti. Kishikio kiko kwenye ncha ya mpira: nikikibana, mtungi unafunguka wenyewe, hewa na mchanga vinakuja, nikikiachia, vyote vinakata. Mtu wa vali wa nini tena? Fomeni amempa barua ya kumwachisha kazi.

Na aliyeijaribu akasema "inafaa" ni mimi. Niliulizwa habari za mashine. Habari za mtu sikuulizwa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia dada, mke wa shemeji, mara nne. Hapokei — mumewe ni mumewe.

Ndani ya kofia ya hewa nasikia pumzi zangu tu. Saa nne shemeji alikuwa akigonga tangi kwa jiwe: toka, chai! Nilikuwa namtukana kwa kelele zile. Leo nimekuja kushtuka saa saba, mkono umekufa ganzi.

Jumanne, 12 Machi

Nimeanguka. Ngazi iliteleza juu ya mchanga, nikashuka nayo mpaka chini. Mguu ukalia kama ukuni unaovunjwa! Kishikio kikanitoka, papo hapo mchanga ukakata. Ingekuwa zamani, ule mpira ungenichapa na kunichuna hadi mfupa kabla shemeji hajafunga vali. Haki yake naipa: mashine imeniokoa.

Lakini haikumwambia mtu! Kompresa nje inanguruma, kila anayepita anajua kazi inaenda. Mdomo wa tangi uko juu, mguu haukanyagiki. Nikapiga kelele, nikagonga ukuta kwa ngumi. Nikakaa hivyo saa moja na nusu. Mchomeleaji ndiye aliyechungulia — alikuja kuomba taa.

Hospitali waliuliza ndugu wa karibu. Nikatoa namba ya dada. Simu yao akaipokea.

Jumamosi, 16 Machi

Nyumbani. Plasta mpaka gotini. Dada yuko jikoni kwangu tangu asubuhi, anaosha vyombo vilivyo safi.

Fomeni kapiga simu: nikipona nirudi, watafunga kengele ndani ya tangi. Nikamuuliza nani ataisikia. Eti hilo litaangaliwa.

Shemeji yuko nje, kakaa juu ya pikipiki. Amemfuata mkewe tu, haingii. Nikamwambia dada amwite.

"Mwite mwenyewe, kaka. Mdomo unao."

Nikajikokota hadi dirishani. Nikamwambia yote: ile "inafaa" ilitoka kinywani mwangu, na sikusema neno juu yake. Kumbe anajua siku nyingi — fomeni alimwambia siku ya barua. Hakunitazama. Baadaye akauliza:

"Saa moja na nusu?"

Ndiyo.

"Na kompresa inanguruma?"

Ndiyo.

Akasema kitu kwa sauti ya chini, sikukipata. Nimerudi kitandani, naandika huku nasikiliza. Pikipiki imewashwa! Dada ametoka mbio na povu mikononi. Sasa imezimwa. Wanasemezana. Sauti ya dada imepanda — ya shemeji siisikii. Mlango dada ameuacha wazi, na hatua nzito zinakuja huku —