Matusi ya Kutuma Ndola

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Magoti yanauma yote mawili, leo hayakupeana hata zamu.

Pendo kapiga simu kutoka Ndola. Binti wa Yusuph, Mnyamwezi wangu, niliyekula naye lami miaka kumi na tisa — mimi usukani, yeye utingo, Dar mpaka Lubumbashi. Kiharusi kilimpiga Januari, binti akamchukua kwake Zambia. Upande wa kulia umelala. Maneno hayatoki. Nikasema mpe simu. Nikasikia pumzi tu. Mimi, Stephano, niliyewalainisha askari wa nchi tatu kwa mdomo huu, nikakosa la kusema!

Pendo anasema baba anaelewa kila kitu, ila simu inamliza. Bora uandike imeili, baba mdogo, nitamsomea akiwa ametulia. Nikamwambia hakuna shida, imeili ni mchezo wangu. Uongo mtupu. Naijua kwa kuisikia redioni.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshuka mjini. Kutoka huku juu ya Bigwa ni mwendo wa saa mbili kwa mguu, bodaboda hazipandi tope hili.

Steshenari ya Felista, pale anapochapa barua za watu. Mama mtu mzima, miwani puani. "Shikamoo, babu." Nikamwambia marahaba, ila babu yako yuko kwenu, mimi ni dereva. Kacheka. Kanifungulia akaunti. Jina langu limeshachukuliwa! Hawa akina Stephano wote wamezaliwa lini? Tumebandika namba ya lori letu la zamani mwishoni, ikakubali.

Pasiwedi nimeitaja kwa sauti, duka zima likaisikia. Felista kashika kichwa. Ati ni siri, hata yeye asiijue. Nikaweka nyingine, nimeiandika ndani ya kofia.

Halafu mausi. Nimewahi kurudisha nyuma trela Kapiri Mposhi, mvua inanyesha, taa moja, bila kugusa hata ukuta. Leo kamshale kadogo kamenishinda. Kanakimbia kama kuku aliyeona kisu. Nimebonyeza sijui wapi, barua ikaondoka tupu. Haina hata salamu! Felista anasema ikishaenda imeenda.

Kupanda mlima nimepumzika mara tano. Zamani ilikuwa mara moja, tena kwa ajili ya sigara.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri kanipaka, nikarudi kulala mchana kweupe. Kidole cha shahada kimevimba. Mke wangu Editha kauliza, umelima shamba la nani? Nimelima kwenye kioo cha kompyuta.

Alhamisi, 6 Machi

Imekwenda! Nimeandika mwenyewe, kidole kimoja, saa nzima na robo. Felista kanionyesha tu pa kuweka anwani, na kale kamstari ka juu ka kutaja habari yenyewe kwa ufupi. Nimeandika: HODI.

Chini nikamwaga. Mluguru na Mnyamwezi watani, asiyejua nani? Nimeandika: Mpagazi wewe, bado hujafa? Wapagazi wa kweli hufa wima, mzigo kichwani, wewe umejilaza kama bibi harusi. Ukifa nitashuka kaburini kwanza mimi, nilale humo, nisitoke mpaka wanao wanipe jogoo. Na jogoo awe mnene, si kama miguu yako.

Mteja mmoja kasoma begani kwangu, kacheka mpaka kaangusha fotokopi zake. Nikamwambia hiyo ndogo, Mnyamwezi ananiambia mimi mguu mmoja mfupi kwa kuzaliwa mteremkoni, akitembea tambarare Mluguru anazunguka tu. Lazima atacheka. Akicheka na ulimi utafunguka. Dawa hiyo wazungu hawana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshuka. Hakuna kitu. Nimepanda.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna. Felista anasema si lazima nije kila siku, naweza kumpigia akaniangalizia. Na pasiwedi? Kwani hukusema ni siri? Kanipa chai.

Jumatatu, 10 Machi

Imejibiwa. Si Yusuph. Pendo.

Felista alianza kusoma kwa sauti, akashusha, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Ni maneno machache. Anasema hakuamini macho. Baba yake amelala hajiwezi, rafiki yake anamwombea kifo na kudai kuku kaburini. Hakumsomea. Ameifuta. Nisimwandikie baba tena.

Nilikaa pale.

Felista kasema, babu, huyo binti kakulia wapi? Ndola. Mama yake? Mbemba wa kulekule. Na Yusuph miaka yote hiyo barabarani na mimi. Basi nani angemfundisha utani? Felista mwenyewe Mpare, ameona watani wakilala kwenye shimo mpaka wahongwe ndiyo maiti ishuke, watu wanacheka na machozi yanatoka. Binti hajaona. Kasoma kama ilivyoandikwa.

Kwa mdomo ningekohoa, ningecheka katikati, angejua. Kwenye kile kioo kicheko hakikwenda. Yalikwenda matusi matupu.

Sina nguvu. Sikula.

Jumanne, 11 Machi

Nimeshuka tena, mvua mgongoni. Nimemwandikia Pendo na baba yake pamoja, barua ya adabu, kama ya kuomba kazi. Ndugu yangu mpendwa Yusuph. Nakuomba radhi kwa maneno yangu yasiyofaa. Nakutakia afya njema, Mwenyezi Mungu akujalie. Wako mtiifu, Stephano.

Felista kasema nzuri sana, haina hata kosa moja. Mimi nilipoisoma niliona kama kaiandika karani wa wilaya. Miaka yote ile sijawahi kumwita Yusuph mpendwa. Sijawahi hata kumwita Yusuph. Lakini binti anataka adabu, nikabonyeza.

Alhamisi, 13 Machi

Homa. Editha kanizuia mlangoni, kasema ukienda leo utarudi umebebwa. Kabichi nazo zinaoza kwa maji. Sijali.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapahapa dukani, daftari liko ubavuni mwa kibodi. Siwezi kungoja nyumbani.

Pendo kajibu, ndefu. Kasema ile ya adabu alimsomea Jumatano, polepole, neno kwa neno. Alidhani baba atafurahi. Alipofika kwenye "nakuomba radhi" mzee aliusukuma mkono wake. Akageukia ukutani. Tangu hapo hajala. Uji anautema. Anagonga chuma cha kitanda kwa mkono mzima, mchana kutwa, anamtazama binti kama anataka kitu. Pendo anauliza: baba mdogo, uliandika nini mle? Mimi nimesoma yote kama yalivyo, sioni neno baya.

Mimi naliona. Mtani anakuomba radhi lini? Siku ya mwisho tu. Yusuph kaelewa kwamba wameshaniambia haponi, kwamba mimi namuaga. Tena ndani ya barua niliyomwandikia kama mtu baki!

Nimempigia Pendo kwa simu ya Felista. Nimemweleza habari ya watani, ya shimo, ya jogoo. Halafu kasema, kwa hiyo ile ya kwanza ndiyo ilikuwa ya upendo? Nikasema ndiyo, mwanangu. Kasema nimeshaifuta, na kwenye takataka nimefuta, hairudi. Anaanza kulia. Nikamwambia basi usilie, nitaandika nyingine, ila uisome kwa ukali. Umtukane baba yako. Kasema, nitawezaje? Nikamwambia anza kucheka kabla hujamaliza, atakusaidia.

Kasema iandike sasa hivi, yuko pembeni ya kitanda, anangoja.

Sasa nimekaa mbele ya kioo tangu saa nane. Watu wamefotokopi wameondoka. Mimi niliyemtukana Mnyamwezi kutoka Tunduma mpaka Lubumbashi bila kurudia tusi, leo kichwa kitupu. Kila ninaloandika linatoka zuri. Nimeandika "Mpagazi wewe, kula", nikafuta. Hiyo ni kumbembeleza. Atajua.

Felista kavuta kiti kakaa. "Nikusaidie, babu?" Wewe Mpare utamtukania Mnyamwezi nini, ubahili? Kacheka. Na mimi nikacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nikafuta macho kwa kofia. Kwa sababu Mnyamwezi wangu namjua. Nikiandika huku nalia ataona, hata binti yake akisoma.

Simu ya Felista imeita. Pendo. Anauliza imefika wapi.

Mwambie inakuja. Nimeanza:

Mpagazi mwizi, nasikia umekataa uji. Hata mimi ningekuwa uji ningekukataa. Nani kakwambia mimi nakuaga? Nikuage wewe, una cheo gani? Ile barua ya adabu nilimwandikia mwanaume mwingine, mzuri wa sura, wamekosea kitanda. Wewe yako ndiyo hii. Fungua hilo domo, na ukimaliza bakuli unitukane.