Mkoba Nilioupokea kwa Mikono Miwili

Buzuruga, Mwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha chumba changu, maana ndani nimeshindwa kutulia. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa basi imefika, au kaka ameimaliza kwa ajili ya mpira wake? Sisi huku wazima. Mjukuu wako anakula, anasoma, ananijibu jeuri, kwa hiyo afya anayo.

Najua unashangaa barua wakati simu ipo. Mama, simu nimeshindwa. Kila nikipiga nikasikia sauti yako, naanza kuuliza habari za mvua na mahindi, kisha nakata bila kusema nililopigia.

Nililopigia ni hili. Mume wangu alipofariki nilikuahidi kwamba mtoto akifunga shule nitarudi Mbinga moja kwa moja. Cherehani nimeshaipatia mnunuzi. Sasa limetokea jambo Sengerema kwa mama mkwe, na kosa ni lako kidogo, kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea.

Mama mkwe anashika mkoba wa kikundi cha akina mama wa kule. Ni wa ngozi, mkongwe, unanuka moshi na dagaa, na fedha zao za misiba na za kusaidiana zinakaa humo. Mimi mshona mabegi nauangalia ule mshono wake hadi mikono inaniwasha. Wateja wangu wa mjini hawasemi mkoba, wanasema pochi, neno la Wazungu, wakidhani likiitwa hivyo linapendeza zaidi. Bibi yetu wa huko kwetu, kwa kuwa alikulia Lindi, alisema kibindo, ule mkunjo wa kanga kiunoni. Akatuambia kibindo ni mtoto wa bindo, lile vazi unalolikinga mbele ukimiminiwa karanga. Mama mkwe naye aliniambia kwamba mkoba wa zamani haukuwa wa fedha. Ulikuwa wa mganga, na dawa zake ndani, na akizeeka alimkabidhi mwanawe. Ndiyo maana mpaka leo mtu akirithi kazi ya mkubwa wake tunasema ameachiwa mikoba. Nilicheka. Nilidhani ananipigia hadithi tu tukichambua dagaa.

Jumapili moja akanichukua kwenye kikao chao. Katikati ya mazungumzo akasimama mbele yangu, akaninyooshea ule mkoba. Mimi nikajua anataka kutoka kidogo. Nikafanya ulivyonifundisha: nikapiga goti, nikapokea kwa mikono miwili. Akina mama wakapiga vigelegele. Kumbe katika kikundi chao, ukipokea kwa mkono mmoja unashika kwa muda tu. Asiyetaka huacha mikono chini, na mwenye mkoba anamgeukia mwingine bila ubaya. Ukipokea kwa miwili umekubali, wewe ndiye mshika mkoba mpaka uzee. Haya niambie, kwetu nani anapokea kitu cha mkwe kwa mkono mmoja?

Nilimfuata jikoni nimevimba. Nikamwambia, "Mama, umenitega. Unajua sisi tunavyopokea."

Akaendelea kusonga ugali. "Najua."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema unaondoka. Mwanangu aliondoka hakuniaga. Wewe sikutaka nikusikie ukiniaga."

Unaujua mdomo wangu, lakini nilichukua sahani nikaanza kuziosha, nazo zilikuwa safi.

Tangu siku hiyo sina raha. Nafunga mizigo, nafungua. Mnunuzi wa cherehani alipokuja nilijifungia chooni mpaka akachoka kubisha, mtu mzima mimi. Kuurudisha mkoba inawezekana: nauweka chini mbele ya wote, naondoka zangu. Lakini yeye atabaki amekaa pale, wenzake wakimtazama. Nikibaki, ni wewe unayebaki peke yako na goti hilo, kaka akiwa mpirani kutwa, ukiniambia kwenye simu kwamba huumwi. Nakuonea huruma, namwonea huruma, na nyote wawili mnanikasirisha.

Nisalimie kaka, mwambie aache mpira akuchotee maji. Msalimie mama mdogo na duka lake, shangazi yetu wa kwaya, na yule jirani mchoma matofali aliyetusaidia kubeba mizigo nilipoolewa. Mjukuu wako anasema shikamoo bibi, anataka umtumie kahawa aonje, nami nimemkatalia.

Nimetanguliza salamu kwa kuwa hili la mwisho lilikuwa linanishinda kuandika. Jana nilivuka kwenda Sengerema na mkoba begani, nimepania kuurudisha. Kwenye kivuko mama mmoja mwenye tenga la ndizi akaniuliza, "Unakwenda wapi, dada?" Nikamjibu, "Nyumbani." Likatoka lenyewe, kabla sijafikiri. Nililia mpaka ng'ambo, na yule mama asiyenijua akanimenyea ndizi kama mtoto.

Sikuurudisha. Mama, sirudi. Nitakuja kukuona shule zikifungwa, nitakaa, kisha nitaaga kama mgeni. Kitanda ulichonitandikia, mlaze mama mdogo, usilale peke yako chumbani.

Mwanao anayekupenda na anayekuomba radhi,
Tekla