Kwa Jemedari, Mlinzi Aliyezaliwa Kukaa Mapajani

Mjinga siku ile nilikuwa mimi. Leo umetimia mwaka mmoja tangu ututoke, Jemedari, na nakiri mbele ya watu wote wanaosoma gazeti hili: nilikwenda kununua mlinzi, nikarudi na wewe.

Tuwaeleze wasiokujua. Baba alikuwa na miezi minne kaburini. Wezi walikuwa wameshaingia kwa Mama mara mbili, mchana kweupe, yeye akiwa amekaa mle mle chumbani, na hakuinuka hata kupiga kelele. "Wachukue tu," aliniambia. "Kwani mimi navitumia?" Maneno yale yalinitisha kuliko wezi wenyewe. Sasa mimi ni fundi wa kuchomelea, na fundi wa kuchomelea akiogopa, anachomelea. Nikamwekea Mama mlango wa chuma, nondo madirishani, na geti lenye herufi za bamba nene: MBWA MKALI. Kilichobaki ni mbwa.

Muuzaji akanionyesha furushi la manyoya ndani ya boksi la sabuni. Nikamuuliza, "Huyu atakuwa mkali?" Akanijibu, "Kaka, ukoo wake ni wa ikulu." Ikulu! Nikajisemea, kama wafalme waliwaamini, geti la Mama litawashinda nini? Sikuuliza swali la pili. Nikakupa jina la Jemedari hapo hapo, nikarudi nyumbani naimba.

Miezi minane baadaye ulikuwa na kilo nne na nusu. Kibanda nilichokuchomelea kingetosha ndama na mama yake. Mnyororo nao ulikuwa mzito kukuzidi. Siku tulipoujaribu ulikaa chini, ukaniangalia kwa yale macho yako makubwa, kama mtu mzima anayesubiri mtoto amalize upuuzi wake. Mama alikuwa akikutazama kwa nyuma ya kioo. Dirisha hakufungua.

Ndipo akaja daktari wa mifugo, yule mama mwenye buti za mpira, kukuchanja. Akakizunguka kibanda, akakigonga kwa kidole.

"Fundi, na ng'ombe mwenyewe yuko wapi?"

"Ni huyo mbwa, daktari. Amedumaa. Nadhani ni minyoo."

Alicheka mpaka akajishikiza kwenye geti langu, mkono juu ya neno MKALI. "Hajadumaa huyu. Huyu ni mbwa wa aina ya Pekingese. Hapo alipofika ndipo mwisho wa safari."

Akaingia ndani kumweleza Mama, maana aliona mapema ni nani kati yetu mwenye akili. Akamwambia wazee wako walifugwa katika majumba ya wafalme wa Uchina kwa karne nyingi, na kwamba husimuliwa kuwa wale wadogo kabisa walibebwa ndani ya mikono mipana ya majoho. Hawakuwinda. Hawakuchunga kondoo. Hawakulinda ghala la mtu.

"Sasa walikuwa na kazi gani?" nikauliza, maana bado nilikuwa naumia.

"Kukaa na mtu."

"Hiyo nayo ni kazi?"

"Hebu ijaribu," alisema daktari.

Miaka kumi imepita, na bado naijaribu.

Mama alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne. Tangu Baba afariki hakuwa amemuuliza mtu swali lolote, lakini siku ile aliinama akakusikiliza kifua. "Mbona anapumua kwa shida?"

"Pua yake ni fupi mno, mama. Joto ni adui yake wa kwanza. Akikaa kwenye chumba kilichofungwa namna hii, hafiki mbali."

Jemedari, madirisha ya chumba kile yalikuwa hayajafunguliwa tangu mazishi. Nilikuwa nimebembeleza karibu mwaka mzima. Mke wangu alibembeleza. Kaka mkubwa alibembeleza kwa simu. Mama aliinuka, akayafungua yote manne, moja baada ya jingine, la mwisho akalipiga kwa kiganja kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimelibana kwa nondo. Kisha akakubeba ndani. Kibanda chako tangu siku hiyo ni cha kuwekea vyuma chakavu.

Wanaodhani kulea mbwa mdogo ni mchezo wa wasio na kazi, waje tuwaambie. Kila asubuhi pamba na maji ya uvuguvugu, kufuta ile mikunjo iliyo juu ya pua, maana unyevu ukilala humo ngozi inachubuka. Halafu macho, kwa upole, kwa sababu yametokeza na hayana paji la kuyakinga. Halafu brashi, kuanzia nyuma ya masikio ambako manyoya hufungana mafundo. Mama alikupima kila Jumatatu kwenye mizani yake ya zamani ya watoto wachanga, akaandika daftarini, kwa sababu mbwa wa namna yako akinenepa pumzi inamkimbia. Matembezi yalikuwa alfajiri, kabla jua halijakaza. Mkanda ulikuwa wa kifuani, si wa shingoni. Huo alikushonea fundi viatu, nami nikaambiwa nikae mbali nao.

Lakini kazi moja nilipewa. Daktari alisema mgongo wako ni mrefu na miguu mifupi, usiruke kutoka kwenye kiti. Nikakutengenezea ngazi ya hatua tatu, nikaivalisha zulia. Nimechomelea mageti ya shule na matangi ya maji, ila sijawahi kupiga tupa kulainisha kingo kwa uangalifu ule. Ulipanda mara ya kwanza polepole, ukasimama hatua ya pili, ukanigeukia. Ukanisamehe mnyororo. Au labda ulikuwa unapumzika. Kwako ilikuwa vigumu kujua.

Maana kiburi chako, Jemedari, tusikifiche kwa sababu umekufa. Ulipoitwa, ulifikiria kwanza. Ulipokemewa, ulilala. Ulikoroma kuliko mashine yangu ya kusaga chuma. Mgeni akiinua sauti mbele ya Mama, ulishuka hatua zako tatu bila haraka, ukaenda kusimama kati yao, kilo zako zote nne na nusu, na hukuondoka mpaka sauti ishuke. Hukuuma mtu. Hukuhitaji.

Na wezi? Hawakurudi. Hatusemi uliwafukuza, hatuandiki uongo hapa. Ila mwanamke anayepita mtaani kila alfajiri husalimiwa, na anayesalimiwa hutembelewa. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alianza kwa kukupigia saluti ya dhihaka: "Jemedari, jeshi liko wapi?" Mwisho akawa anavuka mwenyewe na mkasi kila mwezi, kukupunguza manyoya ya katikati ya vidole ili usiteleze sakafuni. Wajawazito wa mtaa wakakumbuka kuwa mkunga yu hai. Nyumba ya Mama ikajaa miguu ya watu, madirisha wazi, chai jikoni. Mwizi gani ataingia humo? Mdharau mwiba mguu huota tende. Mguu uliovimba ni wangu.

Mwaka jana, siku kama ya leo, joto lilikuwa kali na moyo wako ulikuwa umechoka. Nilifika kutoka karakana na glavu bado mikononi. Mama alikuwa amekuweka mapajani juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji, kiganja kifuani pako, akihesabu pumzi kama alivyohesabu za watoto wa watu. Daktari alikuwa amepiga magoti pembeni na hakufungua mkoba. Mama alihesabu mpaka ilipobaki moja, akaisubiri nyingine, haikuja. "Amemaliza zamu," alisema.

Walikuwepo waliocheka. Eti mkunga mzima analilia mbwa! Tunawajibu hapa, kwa maandishi, ili wasiseme walisikia vibaya. Ndiyo, alilia. Na mimi nililia, mwanamume mwenye makovu ya moto mikono yote miwili, wala sikusingizia moshi wa kuchomelea. Hatuombi radhi. Anayeona uchungu wetu ni mkubwa mno kwa mnyama mdogo, na aje aupime. Mizani ya Mama ipo.

Wapo pia waliotushauri tutafute mwingine upesi, kana kwamba umepasuka kama glasi. Hao tunawaambia: geti halijabadilika. MBWA MKALI linasomeka vile vile, na asiyeamini na abishe hodi, Mama atamweleza habari zako mpaka achelewe anakokwenda.

Unakumbukwa na Mama, mkunga mstaafu, aliyezijua pumzi zako zote. Na mimi, fundi, niliyekununua kwa ujinga ambao ningeurudia kesho. Na mke wangu, ambaye kandambili zake ulizikalia lakini hukuzitafuna, kwa heshima. Na binti yetu, aliyejifunza kusoma kwa kukusomea wewe, kwa sababu hukumsahihisha. Na daktari wa buti za mpira. Na kinyozi, ambaye saluti yake ya mwisho haikuwa ya dhihaka. Na kaka yetu mkubwa, mkuu wa idara, ambaye wiki iliyopita alijifuta kwenye orodha hii na sasa amerudishwa.

Tutakukumbuka siku zote, Jemedari, tena kwa sauti.

Alivyorudishwa kaka ni hivi. Alikuja Jumapili, akasoma karatasi hii mezani kwa Mama, akatoa kalamu mfukoni, akalikata jina lake kwa mstari.

"Mimi nitoeni. Watu wa ofisini wanasoma gazeti hili."

"Kaka, si ulikuwa ukimpenda?" nikamwambia. "Ulikuwa unamletea mpaka brashi."

"Nilimpenda humu ndani. Gazetini ni habari nyingine." Akamgeukia Mama. "Mama, huu ni ukurasa ule ule tuliomtangaza Baba. Utamweka mbwa hapo? Sisi ni familia ya watu. Yule hakuwa mtu wa nyumba hii."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena ili amwone vizuri.

"Tulipomzika baba yako, wewe uliniachia namba ya simu. Huyu aliniachia nywele kwenye kila gauni. Haya, rudia tena, mwanangu: nani hakuwa mtu wa nyumba hii?"