Marumo Shigeki: Jina Ulilolikata Asubuhi ya Mbio

Baba, Jumanne hii unatimiza mwaka mmoja tangu ulipotutoka, ukiwa na miaka sitini na tisa. Kijiji cha Nabekura kilikujua kwa kazi mbili. Wakati wa baridi uliendesha tingatinga la kusukuma theluji barabarani, na siku zilizobaki uliwanoa wakimbiaji wetu kwa mbio za kupokezana za Novemba: watu kumi, kilomita hamsini na nane, kutoka bwawani hadi mjini.

Hukuwa mtu wa maneno mengi. Kila mkimbiaji ulimpimia njia yake kwa baiskeli, na Jumapili uliwafuata nyuma kwa kigari cha mizigo, saa shingoni, tonge la wali mkononi. Tasuki, ule mshipi wa bluu wanaovishana begani, uliufua mwenyewe na kuuanika kivulini. Mkeo Sachie hakuruhusiwa kuugusa, ingawa soksi zako alizifua yeye.

Kwa miaka ishirini na sita Nabekura haikuwahi kushinda, wala hukuahidi ushindi. Ulichotaka ni mshipi ufike mjini. Mkimbiaji akichelewa kituoni zaidi ya dakika kumi nyuma ya anayeongoza mbio, wa kipande kinachofuata huanzishwa bila kumngoja, amevaa mshipi mweupe wa waandaaji, na ule wa kijiji huishia hapo. Wetu ulikatika mara moja tu. Tunaandika habari ya mwaka huo kwa sababu wengi wanaosoma gazeti hili walikulaumu, na sisi wa nyumbani tulinyamaza.

Ni miaka minane iliyopita. Binti yetu Mizuho alikuwa na miaka kumi na tisa, hakuna mwanamke kijijini aliyemfikia kwa kasi, na jina lake lilikuwa limeshatoka gazetini kama mkimbiaji wa kipande cha sita cha mbio. Asubuhi ya mbio ulikuwa jikoni ukijaza chai kwenye chupa. Ulimsikia akishuka ngazi moja, anasimama, kisha nyingine.

“Mguu vipi?” ulimuuliza.

“Hauna kitu, Baba.”

Hukumuuliza tena. Mlipofika ofisi ya mbio, dakika chache kabla ya muda wa kubadilisha majina kwisha, ulilikata jina lake kwa kalamu ukaandika la Onuki Yoshie wa duka la ushirika. Yoshie alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mtu wa akiba miaka yote, na asubuhi hiyo alikuwa amekuja na sufuria ya supu. Mizuho alikwambia mbele ya timu nzima kwamba unamwaibisha. “Kasirika tu,” ulimjibu. “Mshikie Yoshie koti lake.”

Yoshie alikimbia mpaka akatapika. Alichelewa kwa sekunde kumi na nane, akamkuta mkimbiaji wa saba ameshaondoka na mshipi mweupe. Alibaki kituoni na ule wa bluu mkononi, hana wa kumpa.

Lawama zote zikakuangukia wewe. Dukani waliuliza ni baba gani asiyemwamini mwanawe. Kaka yako Eiji alikwambia hadharani, “Theluji unaiona ikiwa bado mawinguni, mwanao yuko mbele yako humwoni?” Ulizunguka nyumba za wakimbiaji wote kumi ukiinamisha kichwa mlangoni, kisha ukaiacha timu. Ulipomaliza nyumba za watu, ulikuja sebuleni ukapiga magoti mbele ya binti yako.

“Nilikosea,” ulisema. “Ungekimbia, ungefika.”

“Ndiyo,” Mizuho alijibu. “Ningefika.”

Hakukimbia tena kwa miezi sita, tukadhani ni hasira. Wewe uliishi miaka saba zaidi, mkarimu vilevile, ukisafisha theluji milangoni pa wajane kabla ya kwako. Lakini kila siku ya mbio ulikwenda nyuma ya nyumba kupasua kuni, hata kama kuni zilikuwa tele.

Baada ya mazishi yako timu alipewa Mizuho. Novemba iliyopita, asubuhi ya mbio, msichana wa shule aitwaye Hinako alishuka garini akichechemea, akaapa kwamba mguu hauna kitu. Mizuho akalikata jina lake. Msichana alilia sana. Mbio zilipokwisha Mizuho hakwenda kula na wenzake, alikuja moja kwa moja mbele ya picha yako, akawasha ubani, akatuambia. Wiki tatu kabla ya mbio zile ulizomkata jina, alikwenda peke yake kliniki ya mji mwingine akapigwa picha ya eksirei. Mfupa wa muundi ulikuwa na ufa. Daktari alimkataza kukimbia, naye ile picha akaitupa mtoni.

Mama yake alimuuliza ilikuwaje akakuacha umpigie magoti. Alisema mwanzoni ilikuwa hasira, kisha aibu. “Halafu miaka ikapita, Mama. Nikajiambia Baba ameshazoea.” Hatutaficha kwamba Sachie hakula naye meza moja kwa siku nne.

Siku ya tano Mizuho alianza kuzunguka nyumba zilezile kumi. Wengine walimpa chai, wengine walimwacha amesimama. Yoshie alikuwa anamenya figili za kuanika. Alimsikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye aproni.

“Miaka yote hiyo nilikuwa napita nyuma ya nyumba yenu ili nisikutane na baba yako,” alisema. “Nilijua ni mimi niliyemharibia.” Walilia wote wawili pale jikoni.

Kwa hiyo tunaandika, kijiji kizima kisome: hukukosea. Ulichagua mguu wa mtoto ukauacha mshipi uliouchunga miaka ishirini na sita, na ukafa ukiamini kwamba ulikuwa umemdhulumu. Inatuuma sana kwamba hukuambiwa ungali hai.

Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tutakazoishi: mkeo Sachie, mwanao Kazuma na mkewe Nao, kaka yako Eiji, aliyeomba mwenyewe atajwe, Onuki Yoshie, ambaye tangu sasa ni ndugu, na binti yako Mizuho, aliyetaka neno lake liwe la mwisho: Nisingefika, Baba.